Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji Juu ya Fungu la Mto Athi

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Nairobi. Na nakala kwa Waheshimiwa Magavana wa Kitui na Makueni, na kwa Wakala wa Tanathi unaosimamia kazi za maji katika kaunti zetu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa habari ya mto Athi, na hasa ya lile bwawa kubwa la mahali ambapo mto Thwake, ushukao kutoka upande wa Machakos na Mbooni, hukutana na Athi katika mpaka wa Makueni na Kitui. Sikuja kulipinga bwawa. Mtu aliyekaa katika mji wa Wote, akawaona akina mama wakitoka alfajiri na punda na mitungi, wakarejea jua limekwisha kuwa kali na maji yasiyotosha kupika na kufua siku ile ile, hawezi kuwa na moyo wa kulipinga jambo litakalowapunguzia mashaka hayo. Neno langu ni moja, nami nalitanguliza ili msipate taabu ya kulitafuta: kabla maji ya Thwake hayajagawanywa kwa mabomba, kwa mashamba na kwa mitambo ya umeme, fungu la mto wenyewe litengwe, lipimwe, litangazwe kwa hesabu ambayo raia wa kawaida anaweza kuisoma, kisha lisiguswe.

Nazungumza nikiwa mtu wa nchi mbili za mto mmoja. Nilizaliwa Mambrui, kaskazini ya mlango wa Sabaki, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu imepita Makueni katika kazi ya ualimu. Kwa hiyo nikiwasikia watu wa bara wakiuzungumza Athi kana kwamba unakoma penye ukuta wa bwawa, na watu wa pwani wakiuzungumza Sabaki kana kwamba unaanzia penye daraja la kuvukia kwenda Malindi, huona kwamba kila upande una nusu ya habari. Mto ni huu huu. Hutoka katika vilima vya Ngong na nchi ya Kikuyu, hupokea Mto Nairobi na Ruiru na Ndarugu, huporomoka katika Maporomoko Kumi na Manne karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk, kisha huelekea kusini-mashariki ukiambaa na uwanda wa Yatta, lile bamba la mawe ya volkano lenye urefu wa kilomita zipatazo 300, huku Kitui ikiwa kushoto kwake na Makueni kulia. Hupokea maji ya Makindu na Kibwezi yatokayo katika chemchemi za Chyulu, hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, hata ukawa Sabaki na kuingia baharini baina ya Malindi na Mambrui. Ghairi ya Tana, Kenya haina mto mrefu kuliko huu, na anayeufunga mahali pamoja ameugusa wote.

Ninaloliomba si fadhila mpya, kwani limo katika sheria mnayoitumikia. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na baada yake ile ya mwaka 2016, ziliweka kitu kinachoitwa akiba, nacho ni kiasi na ubora wa maji ambao lazima ubaki katika chanzo chake ili watu wote wanaokitegemea wapate mahitaji yao ya lazima, na ili viumbe na mimea iishiyo majini ihifadhiwe. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia kuandika akiba ya namna hii katika sheria yake ya mwaka 1998. Katiba yetu ya mwaka 2010, nayo, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya katika kifungu cha 42, na haki ya maji safi na salama ya kutosha katika kifungu cha 43, na sioni kwamba waliozipanga haki hizo zikifuatana walikusudia moja iimeze nyingine. Sisi watu wa mwambao tunaweza kuielewa akiba hii kwa njia ya mirathi: mtu akifa, kabla warithi hawajakaa kitako kugawana shamba na nyumba, hulipwa kwanza madeni yake, na mrithi, hata akiwa na aila kubwa na njaa ya kweli, hawezi kudai kwamba fungu lake litoke katika deni la mtu mwingine. Akiba ni deni la namna hiyo. Vibali vya kuteka maji, ambavyo ninyi ndio mnaovitoa, ni mafungu ya warithi, na yanapasa kukatwa katika kile kilichobaki.

Hapa nafikia mahali penye uzito wa barua yangu, nanyi mtaniwia radhi nikikaa kidogo. Kanuni za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya ile sheria ya kwanza, ziliipima akiba kwa kipimo cha wahandisi: isipungue mtiririko ule ambao mto huuzidi katika siku 95 kati ya kila siku 100, ukihesabiwa mto katika hali yake ya asili, kabla ya mkono wa mtu kuingia. Kipimo hicho kina insafu yake penye mto usiokauka. Kipelekeni basi kwenye Tiva, au Thua, au Nzeeu, au kwenye Kaiti wa upande wetu wa Makueni, mito ambayo hutiririka kwa muda mchache baada ya masika na vuli, kisha ikabaki mchanga mtupu unaong'aa juani kwa miezi. Mto wa namna hii haufikii siku 95, wala haukaribii, na kwa hiyo hesabu hutoa sifuri. Maana yake ni kwamba mito ile ambayo watu wake wana haja nayo kuliko watu wengine wote wa nchi hii haidai kitu kwa kipimo hicho, na yeyote ajaye na pampu au na lori hachukui haki ya mtu. Sidhani kwamba waliotunga kanuni walitaka iwe hivyo. Nadhani walikuwa na mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya machoni mwao, na kipimo kilichotungwa kwa mto wa mlimani kikaletwa nchi kavu bila kuulizwa kama kinafaa.

Kwani mto wa Ukambani ukiacha kutiririka juu haujafa. Asiyeamini na akumbuke Enziu, karibu na Mwingi, tarehe 4 Desemba 2021, ulipolizoa basi lililokuwa likivuka na watu zaidi ya 30 wakafa maji, katika mahali ambapo miezi mingi ya mwaka mtu hupita kwa miguu bila kulowa nyayo. Maji ya mito hii, mafuriko yakishapita, huenda chini ya mchanga, na kila mama wa Kitui anajua hayo bila kufundishwa, maana ndipo afukuapo shimo na kungoja maji yajichuje polepole hata kata ya kibuyu ikaweza kuteka. Mchanga mnene hushika maji kiasi cha robo ya ujazo wake au zaidi, na yakiwa chini ya sentimita 60 hivi jua haliyavuti tena ila kidogo sana. Hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo jua lake lina nguvu ya kukausha milimita 1,800 za maji na zaidi kwa mwaka, yaani mita za ujazo 18,000 kwa kila hekta moja ya maji yaliyo wazi, ilhali mvua yenyewe katika sehemu nyingi haifiki nusu ya kiasi hicho. Ndiyo sababu silanga zetu za udongo, yaani mabwawa madogo yaliyo wazi, huonyesha ufa mapema, na mto wa mchanga ulio jirani yake ukawa ungali unanywesha watu na mbuzi.

Kwa maarifa haya watu wa Kitui na Makueni wamefanya kazi ambayo, kwa maoni yangu, haijapewa heshima yake. Tangu zama za ukoloni, na hasa tangu miaka ya 1990 kwa jitihada za shirika la SASOL huko Kitui na la Utooni upande wa Machakos na Makueni, wanakijiji wakijumuika kwa mwethya, yaani kazi ya ujima, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta mfupi wa mawe na saruji huvukishwa mto penye mwamba, mafuriko ya msimu wa kwanza na wa pili huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na mchanga huo ndio ushikao maji ya kiangazi. Wapo waliouliza, nao walikuwa na haki ya kuuliza, kama kuta hizi hazimnyimi maji jirani wa chini. Wataalamu waliopima huko Kitui wamekadiria kwamba zinashika asilimia moja hadi tatu hivi ya maji yapitayo katika mto, na yaliyobaki huenda zake. Waheshimiwa, mkitaka mfano wa kuteka maji kwa adabu, ukimtosheleza aliye juu bila kumkausha aliye chini, msiende mbali kuutafuta. Umejengwa kwa mikono ya watu ambao aghalabu hawajui kwamba mko.

Sasa mchanga huo ukipakiwa katika malori kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi, kinachoondoka si bidhaa ya ujenzi tu. Ni mahali penyewe pa kuhifadhia maji, na penye mwamba mtupu mafuriko hupita mbio na kuacha ukavu. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda chombo cha kuisimamia, na Kitui mwaka 2018 ikapiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti. Ugomvi wa mchanga umekwisha kumwaga damu katika kingo za mito yetu. Kaunti zimefanya kadiri ya uwezo wao, lakini amri ya kaunti hukoma mpakani, na mto una kingo mbili. Linalokosekana ni neno lenu ninyi: kwamba katika mto wa msimu akiba haihesabiwi kwa mtiririko wa juu, bali kwa kina cha mchanga uliolala na kina cha maji yaliyomo ndani yake mwishoni mwa kiangazi, na kwamba kuupunguza mchanga chini ya kina hicho ni sawa na kuteka maji pasipo kibali. Kijiti chenye alama, kikitiwa ndani ya bomba lililotobolewa na kuzikwa mchangani, kinatosha kupima, na mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kukisoma.

Nirejee kwa Athi. Bwawa la Thwake, ambalo kazi yake ilizinduliwa mwaka 2018 kwa fedha za serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na ambalo siku ya kukamilika kwake imeahirishwa zaidi ya mara moja, limepangiwa ukuta wa mita 80.5 na nafasi ya mita za ujazo milioni 688. Limebebeshwa ahadi nyingi: maji ya matumizi mita za ujazo 150,000 kwa siku, ambayo sehemu iliyo kubwa zaidi imekusudiwa mji mpya wa Konza; umeme wa megawati 20; na umwagiliaji wa hekta 40,000. Kila yanapotajwa mahitaji ya mto barazani, husimama mtu akauliza kwa uchungu kama tunataka kuwanyima watoto maji kwa ajili ya samaki na viboko, na halaiki humpigia makofi. Makofi hayo hayana hesabu nyuma yake. Maji yote ya matumizi, pamoja na ya Konza, yakizidishwa kwa siku za mwaka ni mita za ujazo zipatazo milioni 55. Umwagiliaji, tukikisia mita za ujazo 10,000 kwa hekta kwa mwaka, ambalo si kisio la kupindukia katika joto la Kibwezi, utataka milioni 400. Kiu ya binadamu, basi, haifikii sehemu moja katika saba ya kiu ya mashamba. Mto hauna ugomvi na mtoto anywaye, wala na mama apikaye. Ugomvi, ukiwapo katika mwaka wa ukame, utakuwa baina ya mto na hekta za mwisho katika zile 40,000, na huo unaweza kuamuliwa bila mtu yeyote kulala na kiu: mpango wa mashamba ukapunguzwa, au maji yakatiwa kwa matone badala ya kumwagwa mferejini, au sehemu ya ardhi ikaachiwa ndengu na mtama wa mvua, mazao ambayo Kitui inayajua kuliko mshauri yeyote aletwaye kwa ndege.

Nimeandika neno mwaka wa ukame, na msidhani nalitaja kwa hadhari ya kinadharia. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya nchi hii. Katika majira ya namna hiyo, simu zitapigwa kutoka kila ofisi yenye sauti, kila mmoja akiomba milango ya bwawa ifungwe kidogo zaidi, na mto, usiokuwa na simu, ndio utakaotoa. Fungu lisilokuwa limeandikwa na kutangazwa wakati wa neema haliwezi kutetewa wakati wa dhiki.

Wala kiasi peke yake hakitoshi, maana mto una majira yake, na kumwaga maji kidogo kidogo yaliyo sawa mwaka mzima ni kuyaua majira hayo. Mafuriko madogo ya Novemba, yanapofika baada ya ukavu mrefu, huwaamsha samaki kuzaa, huosha madimbwi yaliyooza, na hulowesha kingo ambazo mikuyu na migunga na, huko chini Galana, mikoche hupata kuotea. Tena yuko kiumbe mmoja ambaye wavuvi wa kwetu wanamjua vema na watu wa bara ni nadra kumfikiria. Mkunga wa mto huzaliwa baharini. Angali mdogo mno hupanda Sabaki na Galana hadi huku Athi, akakaa miaka mingi akikua, kisha huteremka tena kwenda baharini kuzaa na kufa. Ukuta wa mita 80 hawezi kuupanda. Naomba mtuambie njia yake iko wapi, na kama haipo, mtuambie hivyo pia.

Liko na la umeme, ambalo nitalipita upesi. Mitambo ya maji aghalabu hukazwa jioni watu wanapowasha taa na kulegezwa usiku wa manane, na penye kazi hiyo mto hupanda na kushuka kila siku chini ya ukuta. Mtu afuaye nguo au anyweshaye ng'ombe kwenye ukingo wa Kitui hana habari ya saa za umeme. Ving'ora viwekwe, na kupanda kwa maji kuwe kwa taratibu.

Juu ya ubora, ambao sheria imeutaja pamoja na kiasi, sina budi kusema waziwazi. Mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri pale Kikuyu, hupita katikati ya mji mkuu ukipokea maji taka ya mitaa isiyo na mifereji na ya viwanda, na yale yatokayo katika mitambo ya kusafishia ya Dandora iliyoko Ruai, kisha yote humiminika katika Athi na kuteremka kwetu. Leo maji hayo yangali yakienda mbio, yakipiga mawe na kupata hewa. Yakisimamishwa katika bwawa, na mbolea ya vinyesi imo ndani yake, yatayalisha magugu maji, nasi tumeyaona magugu hayo yalivyolifanyia Bwawa la Nairobi pale kando ya Kibera hata uso wake ukafanana na uwanja wa majani. Itakuwa dhuluma ya ajabu ikiwa watu wa Makueni na Kitui, waliongojea maji tangu babu zao, watapokea taka za wenye nafasi na kisha kutozwa bei ya kuzisafisha. Serikali iliunda Kamisheni ya Mito ya Nairobi mwaka 2022, na kazi yake inastahiki kuungwa mkono. Lakini mwenye kibali cha kumwaga na mwenye kibali cha kuteka ni watu wa mto mmoja, na ninyi pamoja na NEMA, mamlaka ya mazingira, mna uwezo wa kumfanya anayechafua juu alipe gharama ya usafishaji chini. Sijui kwa nini bili hiyo iende Wote na isiende kwa wenye viwanda wa Nairobi.

Mtaniuliza pwani inahusika vipi na bwawa lililo mbali nayo mamia ya kilomita. Inahusika kwa mambo mawili yanayovutana, nami sitaki kuficha lolote kwa kuwa ni kwetu. Mto huu huteremsha udongo mwingi mwekundu unaomomonyoka katika milima ya Ukambani, na pepo za kaskazi zinapovuma huusukuma kusini hata bahari ya Malindi ikageuka rangi na matumbawe ya hifadhi ya baharini iliyoanzishwa mwaka 1968 yakafunikwa. Bwawa litazuia sehemu ya udongo huo, na wenye mahoteli watashukuru. Lakini mchanga na udongo huo huo ndio ulioujenga ufuko, ndio ambao mikoko ya mlangoni mwa Sabaki husimama juu yake, na maji baridi ya mto ndiyo yanayoirudisha nyuma chumvi. Fauka ya hayo, visima vya Baricho, kando ya Sabaki, ndivyo vinavyowanywesha watu wa Malindi na sehemu ya Mombasa. Nisemapo fungu la mto, basi, nasema pia juu ya birika la mtu wa Kisauni.

Na yatokeayo mito inapogawanywa bila fungu lake kulindwa si mambo ya kubuni. Ruaha Mkuu wa Tanzania, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka katika hifadhi ya taifa kila kiangazi tangu mwaka 1993, baada ya mashamba ya mpunga ya Usangu kuongezeka. Serikali ya huko iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 mto ungerudi kutiririka majira yote, na ahadi haikutimia, kwa kuwa ni vigumu mno kumnyang'anya mtu maji aliyokwisha kuyazoea. Pangani, uliozuiwa kwa bwawa la Nyumba ya Mungu katika miaka ya 1960 na kutekwa kwa mifereji mingi, umeachia chumvi ipande mtoni hata minazi na visima vya mji wa kale vikaharibika. Na Tana, ambao ni jirani yetu wa karibu, na ambao Masinga yake iliyokamilika mwaka 1981 ndiyo inayoinywesha Kitui kwa bomba, umepunguziwa na mabwawa yake yale mafuriko ambayo Wapokomo walilimia na Waorma walilishia, na huko Ozi na Kipini wakulima wanalalamikia chumvi mashambani. Siwalaumu Wakitui kwa kunywa maji ya Masinga, nami nimeyanywa. Lakini waliojenga mabwawa yale hawakuwa na sheria ya akiba mikononi mwao. Ninyi mnayo.

Basi ombi langu, Waheshimiwa, ni hili. Toeni ratiba ya Thwake, mwezi kwa mwezi, ikionyesha maji yatakayoachiwa mto katika mwaka wa mvua, katika mwaka wa wastani na katika mwaka wa ukame, na iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kikamba na kubandikwa katika ofisi za machifu toka Kibwezi hadi Mutomo, na huko chini hadi Malindi. Vipimo vya mto vilivyo juu na chini ya ukuta visomwe kila wiki na hesabu zake zisikae katika kabati za Nairobi. Mito ya mchanga ipewe kipimo chake, cha kina, kabla ya kibali chochote kipya cha kuchukua mchanga au maji kutolewa katika Tiva, Thua, Kaiti na wenzao. Na mnapoita kikao cha kuamua mambo ya Athi, vyama vya watumiaji wa maji vya kingo zote mbili viketi pamoja na wavuvi wa Sabaki, maana hadi leo ni nadra watu hao kukaa katika chumba kimoja, na nina yakini kwamba watapatana upesi kuliko wanasiasa wao.

Bwawa likishajazwa mara ya kwanza na vibali vikishatolewa, kila tone litakuwa na mwenyewe na wakili wake. Kwa hiyo naomba ratiba hiyo itangazwe kabla ya kibali cha kwanza cha umwagiliaji kutiwa saini, na naomba jibu la barua hii litolewe kwa maandishi, hadharani, kama nilivyoiandika.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Wote, Makueni